WAVUVI WA USIKU

1. Ndakala wa sokoni

Nenda sokoni Kolwezi, utazame meza za mama wanaouza samaki. Utaona makayabu yenye chumvi, yaliyotoka bahari ya mbali. Utaona samaki weusi waliokaushwa kwa moshi, wamekunjwa hata mkia ukagusa mdomo. Kando yao utaona fungu la samaki wadogo sana, wembamba, wanaong'aa kama vipande vya fedha. Ndio ndakala. Mama huwapima kwa kikopo, hukuongezea wachache kwa mkono, nawe unawapeleka nyumbani. Jioni mnawala kwa bukari na sombe, kichwa na mkia na miiba yote. Hakuna kitu kinachotupwa.

Je, umepata kung'ata punje ya mchanga katika ndakala? Watoto wengi wa Kolwezi wamepata. Jino linalia, nawe unakasirika. Lakini punje ile imesafiri safari ndefu kuliko wewe. Mara nyingi ni mchanga wa pwani ya ziwa Tanganyika, mbali sana upande wa mashariki na kaskazini. Imekuja pamoja na samaki, ndani ya mfuko, mpaka katika sahani yako.

Leo tutajifunza jinsi samaki hawa wanavyovuliwa usiku, mbali na nchi kavu, na watu wanaokwenda pamoja. Tutajifunza pia habari ya samaki wakubwa wanaowafuata wadogo, na kwa nini wale wakubwa wamepungua.

2. Mto wetu na ziwa la mbali

Mto wetu ni Lualaba. Tangu mwaka 2015 jimbo letu linaitwa kwa jina lake, na Kolwezi ndiyo mji wake mkuu. Lualaba unaanza kusini, katika nchi ya juu ya Katanga. Karibu na Kolwezi maji yake yamezuiwa na ukuta mkubwa wa Nzilo, uliomalizika mwaka 1952, ili kutoa nguvu za umeme kwa migodi. Kwa hiyo ziwa la Nzilo ni kazi ya mikono ya watu.

Toka hapo mto unateremka kwenda kaskazini. Unapita Bukama, kisha unaingia katika nchi tambarare yenye matete na mabwawa, mahali pa maziwa Upemba na Kisale. Katika mto Kongo na Lualaba yake anaishi samaki mkali ambaye kwa Kilingala huitwa mbenga. Meno yake ni marefu na makali, yanaonekana hata akifunga kinywa. Mbenga mkubwa humzidi mtoto wa kalasi ya kwanza kwa uzito. Wavuvi wanamwogopa kwa sababu anakata wavu kama kisu.

Mto unaendelea mpaka Kabalo. Katika nchi ile mto mwingine, jina lake Lukuga, unaingia Lualaba kutoka mashariki. Lukuga unatoka wapi? Unatoka ziwa Tanganyika, penye mji wa Kalemie, ambao zamani uliitwa Albertville. Basi maji yaliyopita karibu na Kolwezi na maji yaliyotoka Tanganyika yanakutana huko. Yanakwenda pamoja hata Kisangani, hata Kinshasa, hata baharini.

Ndakala hawezi kupanda mto kuja kwetu. Yeye huja kwa gari. Reli ya Kalemie inapita Kabalo na Kamina, inafika Tenke, na kutoka Tenke tawi moja linakuja Kolwezi. Mifuko mingine hupakiwa katika malori.

Ziwa Tanganyika ni refu: toka kaskazini mpaka kusini ni karibu kilomita 670. Upana wake kwa kawaida ni kama kilomita 50. Nchi nne zinagawana maji yake: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Tena kina chake ni cha ajabu. Mahali penye kina kirefu kupita pote ni mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolizidi kwa kina, ndilo Baikal la nchi ya Urusi. Ukichukua shimo kubwa la mgodi wa Kolwezi na kulitia katika ziwa hilo, maji yangelifunika kabisa, na mitumbwi ingepita juu yake bila kujua.

Lakini usidhani kwamba samaki wamejaa mpaka chini. Maji ya chini kabisa hayana hewa ambayo samaki wanahitaji kwa kupumua. Hakuna samaki anayeweza kuishi humo. Samaki wote wanakaa katika sehemu ya juu, kama watu wanaokaa juu ya ghorofa ndefu ambayo vyumba vyake vya chini vimefungwa.

3. Kwa nini wanavua usiku?

Mtu anaweza kuuliza: "Kwa nini wavuvi wasivue mchana, wakati wanapoona vizuri?" Jibu liko katika tabia ya samaki wenyewe.

Katika maji ya ziwa kuna wadudu wadogo mno, wengine ni wadogo kuliko punje ya chumvi. Mchana wanashuka chini gizani, ili macho ya samaki yasiwaone. Jua likizama wanapanda juu kula. Chakula chao ni mimea midogo sana inayoelea katika maji na kuishi kwa mwanga wa jua. Ndakala hula wadudu hao. Wadudu wakipanda, ndakala nao wanapanda.

Nyuma ya ndakala wanakuja wengine. Anakuja mikebuka, samaki mwembamba mwenye kinywa kikubwa, mwenye urefu kama wa mkono toka kiwiko mpaka vidole. Wajomba zake mikebuka ni sangala na jamaa yake, ambao watu wengi wa Kongo wanawaita kapiteni. Wao ndio wakubwa wa ziwa. Yule mkubwa kuliko wote anaweza kuzidi kilo 50, yaani uzito wa mfuko mmoja wa simenti.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopangwa, kama ngazi. Mmea mdogo analishwa na jua. Mdudu anakula mmea. Ndakala anakula mdudu. Mikebuka na sangala wanakula ndakala. Ukivunja kipago kimoja cha ngazi, aliye juu anaanguka. Kumbuka neno hili, kwa maana tutalirudia.

Kuna jambo la pili. Ndakala anavutwa na mwanga. Ukiwasha taa juu ya maji katika usiku wa giza, ndakala wanakuja kwa makundi na kuizunguka taa, kama kumbikumbi wanavyozunguka taa ya nyumbani wakati wa mvua. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Samaki wanatawanyika kila mahali. Ndiyo maana wavuvi wa Tanganyika wanapumzika siku kadhaa kila mwezi, wakati mbalamwezi inapozidi. Siku hizo wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wanalala usiku kama watu wengine.

Wazee wa zamani walijua siri hiyo kabla ya taa za dukani kufika. Waliwasha moto wa kuni au wa matete makavu mbele ya mtumbwi. Ndakala walipokusanyika, mtu mmoja aliwateka kwa lusenga. Lusenga ni wavu kama mfuko, umefungwa katika duara la mti lenye mpini mrefu. Baadaye zikaja taa za mafuta zinazopigwa pampu kwa mkono. Siku hizi wengi wanatumia taa za umeme wa betri, na betri nyingine hushibishwa na jua mchana.

4. Safari ya usiku mmoja

Sasa tuwafuate wavuvi tangu jioni hata asubuhi, tuone kazi yao.

Chombo chao ni mitumbwi miwili mikubwa ya mbao, iliyounganishwa kwa miti mirefu. Katikati ya mitumbwi kuna nafasi ya maji, na wavu mkubwa wa pembe nne unateremshwa katika nafasi hiyo. Kila pembe ina kamba yake. Taa zinaning'inia juu ya maji. Watu ni wanne, watano au zaidi. Mmoja ni kapita wa chombo. Mara nyingi ni mzee aliyezoea ziwa tangu utoto. Wengine ni ndugu, au majirani, au rafiki waliokua pamoja.

Kabla ya kuondoka kila mtu ana kazi yake. Huyu anatazama taa. Huyu anapima mafuta ya mashine, na kutia makasia ndani, kwa sababu mashine inaweza kufa njiani. Huyu anaweka ndoo ya kutolea maji. Mwingine anafunga bukari ya usiku na maji ya kunywa, kwa maana maji matamu ya mtungi yanamfaa mtu mwenye kazi nzito. Kila mtu anachukua koti au blanketi. Usiku, juu ya ziwa, baridi ni kali hata kama mchana jua lilikuwa moto.

Kapita hatazami taa wala kamba. Yeye anatazama mbingu. Anatazama mawingu juu ya milima, anasikia upepo usoni mwake, kisha anatazama rangi ya maji ya mbali. Akitikisa kichwa, hawaondoki, hata kama samaki jana walikuwa wengi. Akisema, "Twendeni," wanasukuma chombo majini.

Jua linazama. Nchi kavu inakuwa mstari mweusi, kisha inapotea. Wakifika mbali, wanawasha taa. Huku na huku vyombo vingine pia vinawasha zao. Mtu aliyesimama pwani ya Kalemie usiku wa giza akitazama ziwa, ataona taa nyingi zimepangana mbali, kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji.

Sasa ni kazi ya kungoja. Wavu uko chini, mbali chini ya taa. Wavuvi wanasema kwa sauti ndogo. Saa moja inapita, na saa ya pili. Kijana mgeni wa kazi hawezi kuvumilia.

"Mzee, tuvute?"

"Bado, mwanangu. Ngoja wapande."

"Lakini nawaona, Mzee! Wamejaa!"

"Unaowaona ni wachache. Wengi wako chini yao. Ukivuta sasa, utawafukuza wote."

Kisha kapita anainua mkono, na watu wote wanashika kamba. Hapa ndipo inapoonekana maana ya kwenda pamoja. Pembe nne za wavu zinapaswa kupanda sawasawa. Mwenye nguvu asivute mbio kupita wenzake, na mchovu asilegee nyuma yao. Pembe moja ikichelewa, wavu unainama upande huo, na samaki wanamwagika kama maji katika sahani iliyopinda. Kazi ya masaa inapotea kwa sababu ya mtu mmoja. Ndiyo maana wanavuta kwa mwendo mmoja, mkono kwa mkono, hata wavu unatokea juu ukiwa mweupe kwa ndakala. Wanawateka, wanawatia katika mtumbwi, na wavu unarudi chini. Usiku mmoja wanaweza kufanya hivyo mara mbili, mara tatu, au zaidi.

5. Samaki mkubwa anakuja

Nje ya mwanga wa taa kuna giza, na gizani kuna wawindaji. Mikebuka wamefuata ndakala. Mara maji yanachemka upande mmoja, ndakala wanaruka juu, kisha kimya. Mikebuka amekula, amerudi gizani.

Wavuvi wengine hawachukui wavu. Wanakwenda na taa, na uzi mrefu wenye ndoano nyingi. Kwenye ndoano wanafunga manyoya ya kuku. Mvuvi anatelemsha uzi, kisha anauinua na kuushusha, anauinua na kuushusha. Katika mwanga wa taa manyoya yanacheza kama samaki mdogo anayekimbia. Mikebuka anadanganyika, anarukia manyoya, na ndoano inamshika.

Pengine anayeshika si mikebuka. Uzi unakwenda kwa nguvu, unakata ngozi ya vidole. Huyo ni sangala. Mvuvi mjinga angevuta kwa nguvu zake zote, na uzi ungekatika. Mvuvi mwenye akili anamwachia kidogo, anamvuta kidogo, anamwachia tena, mpaka samaki achoke. Wakati huo wenzake wanafanya nini? Je, wote wanakimbilia upande wake wakamwone samaki? Hapana! Mtumbwi ungepinduka. Mmoja anakwenda kumsaidia kushika uzi na kumpandisha samaki. Wengine wanakwenda upande wa pili, wakae hapo ili chombo kisiiname. Hao hawamwoni samaki, lakini bila wao samaki asingeingia mtumbwini, na pengine watu wangeingia majini.

6. Upepo

Ziwa lina hatari zake. Tangu mwezi wa Mei hata Agosti upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Wakati wa mvua dhoruba inakuja ghafula: mbingu zilikuwa na nyota, mara nyota zinazimika upande mmoja, na upepo wa baridi unafika kabla ya mvua. Kila mwaka ziwa linachukua watu.

Kapita akisema, "Turudi," hakuna anayebisha. Hakuna anayesema, "Ngoja kwanza, wavu u karibu kujaa." Ikiwa wavu unazuia chombo kukimbia, wanakata kamba na kuuacha. Wavu ni mali nyingi, na pengine deni lake halijamalizika. Lakini wavu unanunuliwa tena, na mtu hanunuliwi. Taa ya mwenzao ikizimika mbali, wanakwenda kutazama. Labda mafuta yamekwisha tu. Labda watu wako majini.

7. Asubuhi pwani

Alfajiri taa zinazimwa moja moja, na vyombo vinarudi. Pwani mama wanangoja na mabeseni. Wananunua haraka, kwa maana ndakala anaoza upesi katika joto. Kisha wanawatandaza juani. Jua likiwa kali, siku moja yatosha. Mvua ikinyesha, samaki wanaoza, na mama amepoteza fedha zake zote za siku hiyo.

Wengi wanawatandaza juu ya mchanga wa pwani. Sasa umejua mahali ilipotoka ile punje iliyoliza jino lako! Wengine wametengeneza vitanda virefu vya miti na kuviwekea waya juu. Ndakala waliokauka juu ya vitanda ni safi, wanakauka upesi kwa sababu upepo unapita chini yao, na bei yao ni kubwa zaidi. Wakikauka wanapungua sana uzito, ndipo wanatiwa katika mifuko na kuanza safari ya kuja kwetu.

8. Samaki wakubwa wamekwenda wapi?

Wazee wa pwani wanasimulia kwamba zamani sangala wakubwa walionekana mara kwa mara. Siku hizi mvuvi anaweza kuvua muda mrefu bila kumpata mmoja. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni nyavu kubwa. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walileta vyombo vyenye mashine na nyavu ndefu zinazozunguka kundi zima la samaki na kufungwa chini kama mfuko wenye kamba. Samaki wadogo na wakubwa walinaswa pamoja. Ndakala anakua upesi na kuzaa upesi, anaweza kurudi. Sangala hawezi. Yeye anahitaji miaka mingi ili awe mkubwa. Baada ya miaka michache tu, sangala wakubwa walianza kuwa haba.

Sababu ya pili iko pwani, karibu na nyumba za watu. Sangala mkubwa anakaa mbali, katika maji marefu. Lakini mtoto wake, mwenye urefu wa kidole, hakai huko. Angeliwa mara moja. Anajificha katika majani ya majini karibu na pwani, mpaka apate nguvu. Sasa watu wanakuja na wavu wenye matundu madogo sana, hata na chandarua cha mbu. Wanaukokota pwani na kung'oa majani pamoja na vitoto vya samaki. Wanapata sahani moja ya vidagaa. Hawajui kwamba katika sahani ile kulikuwa sangala ishirini ambao kila mmoja, angeachwa akue, angelisha jamaa nzima. Mvuvi anayekwenda mbali usiku anamtafuta sangala, na kumbe sangala yule alikwisha kuliwa pwani alipokuwa mdogo kama kidole.

Sababu ya tatu ni joto. Dunia inapata joto zaidi kuliko zamani, na maji ya juu ya ziwa vilevile. Maji ya moto ni mepesi. Yanakaa juu ya maji ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Zamani upepo wa kusini uliyachanganya vizuri zaidi, na mbolea iliyolala chini ilipanda juu kulisha mimea midogo. Sasa yanachanganyika kidogo tu. Mbolea inabaki chini, mimea inapungua, wadudu wanapungua, ndakala wanapungua. Unakumbuka ile ngazi? Kipago cha chini kikivunjika, sangala aliye juu anaanguka.

Tena watu wanaoishi kando ya ziwa wameongezeka sana, na vyombo vimeongezeka pamoja nao.

9. Ziwa linapumzishwa

Samaki hajui mpaka wa nchi. Leo yuko Kongo, kesho yuko Tanzania. Nchi moja ikilinda samaki na nyingine ikiwamaliza, hakuna faida. Kwa hiyo mwaka 2003 nchi nne za ziwa zilitia sahihi mapatano ya kulilinda pamoja, na ofisi yao iko Bujumbura. Zilipatana pia kupumzisha ziwa, kama mkulima anavyopumzisha shamba. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, uvuvi ulifungwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua.

Jambo hilo si jepesi. Mvuvi asiyevua miezi mitatu atawapa watoto wake nini? Mwenye shamba anakwenda shambani. Asiye na shamba anapata taabu. Akivua, samaki wa kesho wanakwisha. Asipovua, watoto wa leo wana njaa. Watu wanaotunga sheria wanapaswa kufikiri juu ya mambo hayo mawili pamoja. Na sisi tunaonunua ndakala sokoni, bei ikipanda katika miezi hiyo, tusimtukane mama muuzaji. Tujue sababu.

Sisi wa Kolwezi tuko mbali na Tanganyika, lakini neno lile linatuhusu. Mito yetu nayo ina ngazi yake. Mto Musonoi, unaopita karibu na mji, umechafuliwa na taka za migodi. Mahali ambapo maji yameharibika, mimea midogo inakufa kwanza, kisha wadudu, kisha samaki, na mwisho mvuvi anaweka ndoano yake ukutani. Maji yale yanakwenda Lualaba, na Lualaba unakwenda mbali.

Samaki mkubwa anaishi kwa sababu ya mdogo, na mdogo ni lazima apewe nafasi ya kukua. Wavuvi nao wanarudi salama kwa sababu kila mmoja anashika pembe yake ya wavu. Siku nyingine ukila bukari na ndakala, tazama samaki mmoja kidogo kabla ya kumtia kinywani. Watu wanne au watano hawakulala usiku kwa ajili yake.

MAULIZO

1. Kwa nini pengine kuna mchanga katika ndakala?
2. Maji ya ziwa Tanganyika yanafikaje katika mto Lualaba?
3. Wadudu wa majini wanakwenda wapi mchana? Na usiku?
4. Kwa nini wavuvi wanapumzika wakati wa mbalamwezi?
5. Pembe moja ya wavu ikichelewa, kunatokea nini?
6. Mwenzao akinasa sangala, kwa nini wengine wanakwenda upande wa pili wa mtumbwi?
7. Watoto wa sangala wanakaa wapi, na nani anawamaliza?
8. Andika vipago vya ngazi ya chakula katika ziwa, toka chini mpaka juu.
9. Uliza mama anayeuza samaki sokoni ndakala wake wametoka wapi na wamekuja kwa njia gani. Kesho useme jibu lake mbele ya kalasi.